Ndege Nyuki na Bikoni: Hotuba Kuhusu Kufuatilia Ardhi Inayotitia Migodini

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vyama vya wachimbaji, wamiliki wa migodi, wahandisi, wapimaji ardhi wenzangu, wanafunzi wetu wa vyuo, mabibi na mabwana.

Tunakutana Arusha, mji unaojulikana duniani kwa kuuza tanzanaiti, ilhali mashimo yenyewe yako Mererani, wilayani Simanjiro, upande wa Mkoa wa Manyara. Madini hayo yaligunduliwa mwaka 1967, na tangu wakati huo watu wamekuwa wakiyafuata chini ya ardhi kwa njia nyembamba zinazopinda, zinazopanda na kushuka, baadhi zikiwa na ramani na nyingine zikikumbukwa tu na wazee waliozichimba. Mwaka 2018 ulikamilika ukuta wenye urefu wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo hayo. Ukuta ule unatuambia nani ameingia na nani ametoka. Lakini juu ya mwenendo wa ardhi yenyewe tunayoikanyaga ndani ya ukuta, tunajua kidogo mno kuliko tunavyopaswa kujua, na hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Katika miaka ya karibuni ndege nyuki, yaani droni, zimekuwa rahisi kupatikana, na nimesikia mara nyingi kauli kwamba mgodi ukishanunua ndege nyuki, suala la ardhi kutitia limekwisha. Nasema haya nikijua kwamba wauzaji wa vifaa hivyo wamo ukumbini, nao wataniwia radhi: ndege nyuki haioni ardhi ikishuka. Inapiga picha za siku moja. Kinachoonyesha kushuka ni tofauti kati ya vipimo viwili vilivyofanywa kwa nyakati mbili, na tofauti hiyo ina maana tu iwapo vipimo vyote viwili vimefungwa kwenye alama zilezile ambazo zenyewe hazikusogea. Mama anayempeleka mtoto kliniki anafahamu jambo hili vizuri: kama mzani umebadilika, kadi itasema mtoto amepungua wakati mtoto hajapungua. Sehemu kubwa ya maneno yangu leo itakuwa juu ya huo mzani.

Kwanza tuelewane kuhusu namna ardhi inavyotitia, kwa sababu vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kutokana na migodi ya makaa ya mawe. Huko tabaka la makaa limelala karibu usawa, linatolewa kwa upana mkubwa, na ardhi ya juu inashuka taratibu ikifanya bonde pana ambalo kingo zake hupita mipaka ya sehemu iliyochimbwa. Mpimaji wa huko ana muda. Anaweza kupima kila mwezi na kuona bonde likikua.

Kwetu mwamba ni mgumu, mshipa wa madini ni mwembamba na umeinama, na mchimbaji anaufuata popote unapokwenda. Mwamba wa namna hii unaweza kukaa juu ya uwazi kwa miaka mingi bila kuonyesha dalili, kisha dari ikaanza kumeguka vipande vipande, na uwazi ukapanda kuelekea juu kama bomba. Hapa kuna hesabu ndogo ambayo kila msimamizi wa mgodi anapaswa kuijua. Mwamba ukivunjika huchukua nafasi kubwa kuliko ulipokuwa mzima. Tukichukulia kwamba unaongezeka kwa asilimia 30, basi uwazi wenye kimo cha mita 3 utajazwa na kifusi chake wenyewe baada ya dari kumeguka kiasi cha mita 10 kwenda juu, kwa sababu 3 ukigawanya kwa 0.3 unapata 10. Baada ya hapo kifusi kinaizuia dari na mmeguko husimama. Kwa hiyo handaki lililo mita 200 chini, hata likibomoka, mara nyingi halifiki juu, isipokuwa pale ambapo kifusi kinapata njia ya kuteremka au kuchukuliwa na maji, kwa kuwa hapo nafasi haijai. Handaki lililo mita 8 chini ndilo linalommeza mtu anayepita juu yake. Hatari kubwa kwa mpita njia, kwa kibanda cha kompresa na kwa gari la maji, iko katika mita chache za mwanzo kutoka mdomo wa shimo, na zaidi katika mashimo ya zamani yaliyoachwa na kufukiwa kijuujuu.

Afrika imekwisha kulipa gharama ya kupuuza uhusiano huu wa juu na chini. Tarehe 25 Septemba 1970, katika mgodi wa shaba wa Mufulira nchini Zambia, matope ya mabaki ya uchenjuaji yaliyokuwa yamehifadhiwa juu ya eneo lililochimbwa yalipenya kwenye ardhi iliyobomoka na kumiminika mgodini, na wachimbaji 89 wakapoteza maisha. Miaka minane kabla yake, Desemba 1962, katika mgodi wa West Driefontein nchini Afrika Kusini, ardhi ilifunguka ghafla na kumeza jengo la kusagia mawe pamoja na watu 29. Huko chanzo kilihusiana na kusukuma maji nje ya mwamba wa chokaa ili mgodi ukauke, yaani ardhi ilititia kwa sababu ya maji yaliyoondolewa, wala si kwa sababu mtu alichimba moja kwa moja chini ya jengo. Kwa hiyo mgodi unaoendesha pampu usiku na mchana una sababu ya kupima hata mahali ambapo haujawahi kuchimba.

Sasa niingie katika vipimo. Njia ya zamani kuliko zote, na ambayo bado haijashindwa kwa usahihi wa kimo, ni upimaji wa usawa kwa mashine na fimbo. Ukianza kwenye alama imara, ukapita juu ya eneo la hatari na kurudi ulipoanzia, unaweza kuona mshuko wa milimita chache. Udhaifu wake ni kwamba unapima nukta tu. Kati ya nukta na nukta hujui kitu, na mpimaji pamoja na msaidizi wake lazima watembee juu ya ardhi ileile wanayoitilia shaka.

Ndege nyuki inajaza pengo hilo. Inapima uso mzima, kila mteremko na kila shimo, na haimhitaji mtu akanyage pasipo salama. Lakini tuseme ukweli kuhusu usahihi wake. Kamera ya kawaida ya megapikseli 20 inayoruka katika kimo cha mita 100 hutoa picha ambayo pikseli moja inafunika takriban sentimita 2.7 za ardhi. Picha zikipandiana kwa asilimia 80 kwenda mbele na asilimia 70 kwa pembeni, programu inaweza kujenga umbo la ardhi kwa mamilioni ya nukta. Kosa la kimo, kazi ikifanywa vizuri, huwa kati ya pikseli moja na nusu hadi tatu. Tuchukulie sentimita 5. Mwezi wa kwanza umepima ukiwa na kosa la sentimita 5, mwezi wa sita ukapima tena ukiwa na kosa lilelile. Unapotoa ramani moja kwenye nyingine, makosa hayo hayafutiki, bali yanaungana: tofauti yenyewe inabeba kosa la takriban sentimita 7, na ukitaka kuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba ardhi imesogea, unahitaji kuona mabadiliko ya sentimita 14 hivi. Chini ya hapo, zile rangi nyekundu na bluu zinazopendeza kwenye ripoti hazithibitishi kitu. Nimeona ripoti ikimwonyesha mwenye mgodi mshuko wa sentimita 4 kwa rangi nyekundu, bila neno hata moja juu ya kosa la kipimo, naye akahamisha kibanda cha walinzi kutoka sehemu isiyo na tatizo lolote.

Kuna njia za kupunguza kosa hilo. Ruka chini zaidi: katika mita 40 pikseli inakuwa kama sentimita 1.1, ingawa betri zitakazotumika ni nyingi na muda ni mrefu. Tumia ndege yenye kipokezi cha setilaiti kinachosahihishwa kutoka kituo cha ardhini. Ongeza mistari michache ya picha za kuinamisha kamera, kwa sababu picha zote zikipigwa wima, programu huweza kuukunja uso wa ardhi kidogo katikati ukafanana kabisa na bonde la kutitia. Kosa hili la mkunjo ndilo linalowadanganya wengi, kwa kuwa lina umbo lilelile tunalolitafuta.

Hata hivyo hakuna kati ya njia hizo inayochukua nafasi ya alama. Niruhusuni nieleze bikoni nzuri, yaani alama ya kudumu ya upimaji, inavyotengenezwa, maana huku ndiko kazi inakoharibikia. Tafuta mwamba ulio hai, uliojitokeza wenyewe, mbali na handaki lolote linalojulikana na mbali na lundo la kifusi. Toboa tundu, lipulize vumbi lote litoke, pachika nondo ya chuma yenye kichwa cha mviringo, kisha jaza simenti nzito na uache ikauke. Kichwa kiwe cha mviringo ili fimbo ikisimamishwa juu yake leo na mwaka kesho ikae kwenye kilele kilekile. Usipopata mwamba, chimba hadi chini ya udongo unaovimba, mimina zege, na nondo isiguse udongo wa juu. Weka alama za namna hii nne au tano kuzunguka eneo, zipimwe zenyewe kwa zenyewe kila mara kabla ya kazi, na ile itakayoonyesha kusogea iondolewe katika hesabu. Alama za muda za ndege nyuki, zile za msalaba mweusi na mweupe, zipimwe kutoka kwenye hizi. Na kila ndege inaporuka, baadhi ya alama zifichwe kwa programu, zisitumike kujenga umbo bali kulikagua tu. Ripoti isiyosema kosa la alama za ukaguzi irudishwe kwa aliyeiandika.

Nimetaja udongo unaovimba, na hapa Kaskazini jambo hili linatuhusu sana. Udongo mweusi wa mfinyanzi ulioko katika tambarare zetu nyingi hunywa maji wakati wa masika na kuinuka, kisha hukauka kiangazi, ukapasuka na kushuka kwa sentimita kadhaa. Mtu atakayepima mwezi Mei na kurudi Septemba ataona nyufa na mshuko, na ataandika kwamba mgodi unatitia. Linganisheni msimu kwa msimu: Septemba kwa Septemba, Mei kwa Mei. Wekeni pia alama mbili au tatu kwenye udongo uleule lakini mahali pasipo na mgodi, ili mjue udongo peke yake unafanya nini. Kadhalika kifusi kipya: lori likimwaga kifusi juu ya sehemu inayoshuka, ramani itaonyesha ardhi imepanda. Mgodi unaofanya kazi hubadilika uso kila siku, na mpimaji asiyeweka daftari la mahali kifusi kilipomwagwa atahangaika na ramani zake mwenyewe.

Mimea nayo ni kikwazo. Picha hupima kilele cha kichaka, haioni udongo ulio chini yake. Ndege yenye laiza hupenyeza miale mingi kati ya majani na baadhi hufika chini, lakini bei yake ni ya kampuni kubwa. Kwa wachimbaji wadogo, panga na jembe kuzunguka midomo ya mashimo ya zamani bado ni vifaa halali vya upimaji.

Kutoka angani zaidi kuna rada za setilaiti. Setilaiti za Sentinel-1 za Ulaya, zilizoanza kurushwa mwaka 2014, hurudi juu ya mahali palepale kila siku 12 kwa setilaiti moja, na takwimu zake hutolewa bure. Wimbi la rada yake lina urefu wa takriban sentimita 5.6, na kwa kulinganisha mawimbi ya siku mbili mtaalamu anaweza kuona mshuko wa milimita katika eneo pana. Mwaka 2007, ardhi ilipotikisika karibu na Mlima Gelai na Ol Doinyo Lengai ukalipuka, ni rada za setilaiti zilizowawezesha wanasayansi kuona ardhi ilivyopasuka na kushuka pale kaskazini mwa mji wetu. Kwa mabwawa ya mabaki na kwa migodi mikubwa ya wazi, ningeshauri njia hii ianze kutumika mara moja. Kwa mdomo wa shimo wenye upana wa mita 2, haifai: nukta moja ya picha yake ina upana wa mita nyingi, vichaka vinaivuruga, na shimo linalofunguka ghafla halisubiri siku 12.

Suala la vibali nitalipita haraka. Ndege nyuki inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Mererani haiko mbali na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, kwa hiyo asitokee mtu akarusha kwanza na kuomba baadaye.

Ninalotaka kulikalia zaidi ni ramani ya chini. Umbo la ardhi lililopimwa kwa usahihi wa ajabu halina faida kama hatujui kilicho chini yake. Wanaapolo, yaani wachimbaji wa mashimoni, waliomo humu wanajua mtobozano ni nini: mgodi mmoja unachimba hadi unatokea ndani ya mgodi wa jirani, na ugomvi unaanza. Kila mtobozano ni ushahidi kwamba ramani za chini hazikuwepo au hazikukutana. Na ukuta wa mwamba uliobaki kati ya migodi miwili ndiyo nguzo inayoshikilia ardhi ya juu, kwa hiyo unapoisha, ugomvi wa mawe unakuwa pia tatizo la kutitia. Mahandaki yapimwe kwa mashine ya pembe na umbali, kuanzia kwenye bikoni zilezile za juu, mita kwa mita kadiri yanavyosonga.

Hapa pana mtego ambao umewanasa hata wapimaji wenye leseni. Michoro yetu mingi ya zamani iko katika mfumo wa viwianishi (namba za kuonyesha mahali) uitwao Arc 1960, na ndege nyuki inatoa nukta zake katika mfumo wa setilaiti. Ukiiweka michoro hiyo miwili pamoja bila kubadilisha mfumo, handaki litahama karibu mita 300 kutoka mahali pake. Utaweka alama ya hatari juu ya sehemu imara, na utajenga ofisi juu ya uwazi. Kila ramani iandikwe mfumo wake pembeni kwa herufi zinazosomeka.

Faida nyingine ya umbo la ardhi huwa haizungumzwi. Mwaka 1998, na tena Machi 2008, mvua kubwa ziliingiza maji katika mashimo ya Mererani na wachimbaji wengi wakafa chini. Maji hayahitaji korongo kubwa. Mshuko wa sentimita 30 ulioenea polepole juu ya mita 50 hauonekani kwa macho, lakini unatosha kugeuza njia ya maji yaliyokuwa yakipita pembeni, yakaelekea mdomoni mwa shimo. Sentimita 30 ziko juu kabisa ya kosa la ndege nyuki nililolitaja. Kwa hiyo kazi ambayo kifaa hiki kinaifanya vizuri bila ubishi ni kuchora mikondo ya maji ya mgodi mzima kila mwaka kabla ya masika, ili tuta lijengwe panapohitajika.

Kuhusu dalili za karibuni, msidharau ufa. Pigilia misumari miwili kwenye simenti, mmoja kila upande wa ufa, upime umbali kati yake kila asubuhi kwa kipimo cha milimita, na uandike tarehe na saa. Ukiona leo milimita 1, kesho 1, keshokutwa 3, kisha 7, tatizo liko katika kasi inayoongezeka zaidi kuliko katika jumla ya upana. Kasi ndiyo iliyowaokoa watu katika mgodi wa shaba wa Bingham Canyon, Utah, nchini Marekani. Tarehe 10 Aprili 2013 upande mzima wa mgodi huo uliporomoka, mmoja wa miporomoko mikubwa kuwahi kutokea katika mgodi, na hakuna aliyeumia, kwa sababu rada na vipimo vingine vilikuwa vimeonyesha mwendo ukiongezeka na watu walikwisha kuondolewa. Vifaa vyao ni vya gharama kubwa. Lakini jambo la pili lililowaokoa halina bei: ilikuwa imekwisha kuamuliwa kabla kwamba kipimo kikifika mahali fulani, kazi inasimama.

Hilo ndilo ombi langu kwa vyama vya wachimbaji mliopo. Bikoni tano zinazozunguka migodi kumi hazina sababu ya kulipiwa na mgodi mmoja. Migodi inayopakana ichange, ichague mpimaji mmoja, vipimo vikae mahali ambapo kila mchangiaji na ofisi ya madini wanaweza kuviona, na mchangiaji asiruhusiwe kuficha ramani yake ya chini. Kila kundi liandike mapema kiwango cha mwendo kitakachosimamisha zamu, na limtaje kwa cheo mtu mwenye mamlaka ya kuisimamisha saa hiyohiyo, hata kama mwenye mgodi yuko Dar es Salaam na simu yake haipatikani. Msimu mzuri wa kuweka bikoni ni kiangazi hiki, udongo ukiwa umeshuka na simenti ikikauka vizuri, ili kipimo cha kwanza kipatikane kabla mvua za vuli hazijaanza.

Nashukuru kwa kunisikiliza, Ndugu Mwenyekiti, na niko tayari kwa maswali.